Namna ya kupata nafasi ya uzamivu inayolipwa katika fani za nadharia, ukiwa Moshi au Arusha

Mwongozo huu nimemwandikia mtu mwenye shahada ya hisabati, fizikia au sayansi ya kompyuta, anayependa kuthibitisha jambo kwa kalamu na karatasi kuliko kupima kitu maabara. Huenda unafundisha kidato cha tano Kiborloni. Huenda una kibarua cha uhasibu jirani na Mnara wa Saa hapa Arusha, na usiku ukiingia unafungua daftari la aljebra. Umeshatafuta neno "skolashipu" kwenye simu mpaka bando likaisha, ukaletewa kilimo, maji, afya ya jamii na mabadiliko ya tabianchi, ukaamua kwamba nadharia haina mfadhili.

Nami niliamua hivyo, nikakaa na uamuzi huo mwaka mzima nikifundisha Moshi. Kumbe nilikuwa nakitafuta kitu kwa jina lisilo lake.

Hatua ya kwanza: tafuta kazi

Uholanzi, Ujerumani, Uswidi, Norwei na Denmark, anayesoma uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo. Ana mkataba, mshahara, likizo, bima na makato ya kodi kama mtumishi mwingine. Uholanzi mkataba kwa kawaida ni wa miaka 4, na mwishoni mwa 2024 mshahara wa mwaka wa kwanza ulikuwa takriban euro 2,900 kwa mwezi kabla ya makato. Uswidi masomo yenyewe ni miaka 4, yakichanganywa na ufundishaji yanafika 5, na ada hakuna hata kwa anayetoka nje ya Ulaya. Ujerumani mshahara unafuata ngazi ya watumishi iitwayo E13, na tangazo litakwambia unalipwa asilimia ngapi ya ngazi hiyo: 50, 75 au 100. Soma namba hiyo kwa makini, maana ndiyo kodi ya nyumba yako.

Kwa hiyo tangazo halitasema skolashipu. Litasema "PhD position" au "doctoral student", na Uswidi "doktorand". Andika maneno hayo pamoja na jina la fani yako. Nafasi za Uholanzi hukusanywa kwenye tovuti ya AcademicTransfer, za Norwei Jobbnorge, za Ulaya nzima EURAXESS. Watu wa fizikia ya chembe na mvutano waangalie sehemu ya ajira ya tovuti ya INSPIRE, na wa hisabati wanaoelekea Marekani waangalie MathPrograms. Tenga siku moja ya wiki kuzipitia (mimi ilikuwa Jumapili baada ya ibada) na kila nafasi iandike daftarini: chuo, msimamizi, tarehe ya mwisho, vinavyotakiwa. Ukitegemea kumbukumbu, tarehe zitakupita.

Marekani utaratibu ni mwingine. Kule unaweza kuingia uzamivu ukiwa na shahada ya kwanza tu, unaomba kwa idara nzima badala ya profesa mmoja, na idara inakulipa kwa kusaidia kufundisha. Maombi mengi hufungwa Desemba au mwanzoni mwa Januari, na vyuo vingi vimekubaliana kumpa mwombaji hadi tarehe 15 Aprili kujibu ofa. Ada ya maombi inaumiza. Dola 75 au zaidi kwa chuo kimoja ni jambo la kawaida. Kabla hujalipa, waandikie ofisi ya udahili uombe msamaha wa ada. Wengi wana utaratibu huo, ila hawautangazi kwa sauti.

Uingereza kwa mtu wa nje ni pagumu zaidi, kwa sababu ada ni kubwa na fedha ya wageni ni chache. Hata hivyo ipo skolashipu ya uzamivu ya Jumuiya ya Madola, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazolengwa. Hiyo kweli inaitwa skolashipu.

Hatua ya pili: fuata fedha ilikoingia

Profesa wa biolojia mwenye fedha utamjua kwa maabara yake. Mwananadharia ana ubao, kompyuta na kikombe cha kahawa, awe na fedha asiwe nayo. Njia ya kumjua ni kusoma maandishi yake.

Fungua arXiv, hazina ya makala iliyo wazi kwa wote tangu 1991. Makala zimepangwa kwa mafungu: math.CO ni kombinatoria, cs.CC ni ugumu wa ukokotozi, cs.DS ni algoridhimu, hep-th ni fizikia ya nadharia ya nishati kubwa. Chagua fungu lako na usome muhtasari wa makala mpya kila siku, hata kama ni tano tu. Ukipata makala unayoielewa japo nusu, nenda kwenye shukrani, chini ya ukurasa wa kwanza au mwishoni kabisa. Hapo pameandikwa aliyelipa. Wasomaji wengi wanaparuka, lakini kwako wewe huo ndio mstari wenye thamani kuliko yote, maana unakwambia nani ana ruzuku inayoendelea.

Ukikuta herufi ERC, simama hapo. Hizo ni ruzuku za Baraza la Utafiti la Ulaya. Zinadumu miaka 5, na kwa mtafiti anayeanzisha kundi lake zinaweza kufika euro milioni 1.5. Katika nadharia hakuna mashine ya kununua, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha hiyo inakwenda kwenye mishahara ya watu. Baraza lenyewe hutangaza majina ya washindi pamoja na mada zao na vyuo vyao. Orodha ya watafiti wanaoanza hutoka mara nyingi mwezi Septemba. Mtu aliyeshinda Septemba anahitaji wanafunzi, na pengine bado hajaandika tangazo. Mwandikie wakati huo.

Mlango wa pili ni mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayolipwa na Umoja wa Ulaya. Mtandao mmoja huunganisha vyuo kadhaa na kuajiri kundi la wanafunzi kwa mpigo, wa uraia wowote. Sharti lao kubwa ni kwamba usiwe umeishi katika nchi unayoomba kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Sharti hili huwaangusha wengi walioko Ulaya tayari, lakini wewe uliyekaa Sakina maisha yako yote umelitimiza bila jasho. Matangazo yake yanawekwa EURAXESS.

Upo pia mlango usiotegemea fedha ya profesa mmoja. ISTA, taasisi ya utafiti karibu na Vienna nchini Austria, inapokea hata wenye shahada ya kwanza, haitozi ada ya maombi, na maombi yake hufungwa tarehe 8 Januari. SISSA, taasisi ya uzamivu ya Trieste, Italia, inachukua watu kwa mtihani wa kuingia, na anayefaulu analipwa.

Kama una shahada ya kwanza pekee na Ulaya wanataka uzamili, usijilazimishe. Kuna madaraja ya mwaka mmoja yanayolipiwa. AIMS, taasisi ya hisabati iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2003, ina kituo Kigali. Ukishavuka Rusumo umefika kwa jirani. ICTP ya Trieste, taasisi ya fizikia ya nadharia aliyoianzisha mwanafizikia wa Pakistani Abdus Salam mwaka 1964, ina stashahada ya uzamili kwa watu wa nchi zinazoendelea, katika hisabati na matawi kadhaa ya fizikia, na taasisi dada ya utafiti wa msingi iko Kigali pia. Mimi naliona daraja hili kuwa la maana kuliko wengi wanavyolichukulia. Ukitoka pale, walimu wanaofahamika duniani wanaweza kukuandikia barua, nawe umeshajaribiwa mbele yao.

Na hapa nyumbani? Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru inatoa uzamivu, lakini uzito wake uko kwenye hisabati tumizi na kompyuta: mifano ya magonjwa, data, mifumo. Kama hilo linakuridhisha, uko umbali wa nauli ya daladala. Kama unataka nadharia tupu, bado nenda pale usikilize mihadhara na ujuane na watu. Mwananadharia aliye peke yake anadumaa.

Hatua ya tatu: andika kitu chako

Hapa wengi wa kwetu tunapungukiwa, na si kwa akili. Tumesoma kwa mitihani ya saa tatu na hatujawahi kuombwa kurasa 6 za hoja moja iliyokamilika. Msimamizi wa nadharia hanunui mikono ya maabara. Anakulipa miaka 4 ufikiri, kwa hiyo anataka kuona unavyofikiri.

Nikuonyeshe kwa mfano mdogo. Kwenye sendofu Njiro watu wanasalimiana kwa mikono. Nadai kwamba idadi ya watu waliosalimiana mara witiri lazima iwe shufwa, hata sherehe iwe kubwa namna gani. Uthibitisho: mkono mmoja unapopeanwa unahesabiwa mara mbili, mara moja kwa mama mkubwa na mara moja kwa shemeji. Kwa hiyo ukijumlisha hesabu za watu wote unapata shufwa. Waondoe wenye hesabu shufwa. Kilichobaki bado ni shufwa. Lakini jumla ya namba witiri huwa shufwa pale tu namba hizo zikiwa shufwa kwa idadi. Basi waliosalimiana mara witiri ni shufwa.

Hilo ni somo la wiki ya kwanza la nadharia ya grafu, yaani vipeo (hapa watu) vilivyounganishwa kwa mistari (hapa salamu), na halitamshangaza profesa yeyote. Lakini tazama linavyokwenda: dai limewekwa wazi, kila sentensi inasimama juu ya iliyotangulia, hakuna "ni dhahiri kwamba". Fanya hivyo kwa theoremu nzito zaidi ya fani yako. Chukua tokeo moja linalojulikana, liandike lote kwa maneno yako kwa kurasa 5 hadi 8, weka mfano wako mwenyewe, kisha mwishoni uliza: sharti hili likiondolewa, nini kinavunjika? Jaribu kujibu, hata kwa hali ndogo. Andika kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi ya hisabati, si kwa Word. Overleaf, tovuti ya kuiandikia, inafanya kazi ndani ya kivinjari na kuanza ni bure. Kama huna kompyuta yako, azima wikendi mbili. Kazi hiyo iweke mahali penye kiungo cha kudumu.

Dada mmoja niliyemsaidia, mwalimu wa sekondari, hakuwa na makala yoyote iliyochapishwa. Alikuwa na kurasa 7 kuhusu kupaka rangi grafu bapa. Usaili wake wote ulikuwa juu ya kurasa hizo.

Hatua ya nne: barua kwa profesa

Tumelelewa kubisha hodi, kuamkia, kuulizana habari za nyumbani, ndipo shida isemwe. Ni malezi mazuri na sitaki uyaache. Lakini katika baruapepe hii aya ya salamu na aya ya dhiki za familia zitamfanya msomaji afunge kabla hajafika kwenye hoja. Barua yako haiombi msaada. Unajitambulisha kama mtu wa kazi ileile.

Mistari 10 inatosha. Wa kwanza: wewe ni nani na una shahada gani, kutoka wapi. Wa pili na wa tatu: makala yake ipi umesoma na sehemu gani hasa, kwa mfano hatua ya uthibitisho iliyokufungua macho au sharti unalodhani linaweza kulegezwa. Kisha kiungo cha kurasa zako. Kisha swali lililo wazi: je, anatarajia kuajiri mwanafunzi wa uzamivu mwaka ujao, na nafasi hiyo inalipwa kwa njia gani? Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na matokeo ya chuo. Mwandikie kila mmoja barua yake; barua moja iliyotumwa kwa maprofesa 80 wanaitambua kwa mstari wa kwanza. Nilituma 23 kwa miezi minne. Waliojibu ni 9, sita kati yao wakisema hawana fedha. Wasipojibu baada ya wiki mbili, kumbusha mara moja, kisha songa mbele.

Kabla hujatuma, angalia profesa amewahi kuwafikisha wanafunzi mwisho. Mathematics Genealogy Project inaorodhesha wahitimu wa uzamivu na wasimamizi wao. Waandikie pia wanafunzi wake wa sasa, uwaulize wanaonana naye mara ngapi kwa mwezi. Watakujibu kwa uaminifu kuliko unavyodhani.

Wadhamini

Utahitaji barua mbili au tatu za walimu wanaokupendekeza, na katika nadharia zina uzito kuliko cheti. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza nafasi nzuri kwa sababu mhadhiri mmoja alisema "nitatuma" na hakutuma. Sikuwa nimemkumbusha, nikiona haya kumsumbua mkubwa. Usinifuate hapo. Mwendee ana kwa ana wiki sita kabla, shikamoo yako mkononi, umpelekee karatasi moja: orodha ya nafasi na tarehe zake, kozi ulizosoma kwake na alama, na tukio moja analoweza kulieleza, mathalani siku ulipopata njia fupi ya zoezi la uchambuzi halisi. Barua inayosema wewe ni mtiifu na mchapakazi haikuinui. Inayosema "katika wanafunzi 60 alikuwa mmoja wa wawili walioona kwa nini uthibitisho wa kitabu una pengo" inakuinua. Mwombe atumie anwani ya barua ya chuo, kwa kuwa mifumo mingine hukataa anwani za Gmail. Wiki moja kabla ya tarehe, mkumbushe kwa heshima. Hatakasirika.

Vyeti, GPA na lugha

GPA yetu ni ya 5.0. Mtu wa nje akiona 4.1 bila maelezo anaweza kudhani ni ya 4.0 na kuna kosa, au akuweke kwenye kipimo kisicho chako. Andika "4.1 kati ya 5.0, daraja la pili la juu", na uombe chuo kikupe karatasi ya maelezo ya madaraja kama haiko nyuma ya matokeo yako. Omba pia barua inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Vyuo vingi vinaipokea badala ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, na utakuwa umeokoa fedha nyingi. Vyeti viskani vizuri kwenye steshenari, rangi kamili, faili moja ya PDF kwa kila cheti. Pasipoti ianze mapema Uhamiaji, usingoje ofa.

Saa

Sehemu hii ni fupi lakini imewagharimu watu. Usaili wa Januari ulioandikwa 10:00 kwa saa za Ujerumani ni saa sita mchana Moshi. Ukifanyika Aprili, baada ya Ulaya kusogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi, 10:00 hiyohiyo ni saa tano asubuhi. Kijana mmoja alisoma 10:00 akili yake ikasema saa kumi jioni, na profesa akangoja peke yake nusu saa. Alipewa siku nyingine, lakini alianza akiwa na deni. Maombi yanayofungwa 23:59 ya Ulaya ya kati wakati wa baridi kwetu yanafungwa saa saba na dakika 59 usiku. Yakiandikwa AoE, yaani popote duniani, una hadi saa nane na dakika 59 mchana wa kesho yake. Tuma siku mbili kabla, umeme ukiwepo.

Usaili

Watakupa ubao wa mtandaoni au watakuomba ushike kalamu mbele ya kamera. Jizoeze kusimamisha simu juu ya vitabu ikitazama karatasi, na uthibitishe kitu kwa sauti mbele ya rafiki asiyejua hisabati. Weka bando kwenye laini ya pili, uchaji kila kitu usiku wa kuamkia siku hiyo, na umwambie profesa mwanzoni kwamba umeme ukikatika utarudi kwa simu ndani ya dakika mbili.

Wataendelea kuuliza mpaka ufike usichokijua. Ndiyo nia yao. Ukifika hapo sema "sijui, lakini ningeanza na hali ndogo ya vipeo vitatu", kisha anza. Anayenyamaza kwa heshima, kama tulivyozoea mbele ya wakubwa, anaonekana hana la kusema.

Baada ya ofa

Kabla ya kutia saini, uliza mambo manne kwa maandishi: mkataba ni wa muda gani na ukiisha kabla ya tasnifu inakuwaje, ni asilimia ngapi ya mshahara, utafundisha saa ngapi, na gharama ya safari na viza analipa nani. Yeyote anayekudai fedha ili "akuwekee nafasi", awe wakala wa mjini au mtu wa mtandaoni, muache. Nafasi hizi zinakulipa wewe.

Mshahara wa kwanza huja mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba Ulaya mara nyingi hudai amana kabla ya kukupa ufunguo. Uliza chuo kama kinatoa malipo ya awali au chumba cha miezi mitatu ya mwanzo; vingi vinavyo kwa wageni. Viza iombe siku ileile unayopokea mkataba uliosainiwa, na ujue mapema ubalozi uko wapi, kwa kuwa wa Austria, kwa mfano, uko Nairobi. Koti zito tafuta Memorial pale Moshi kabla hujaondoka, kwenye marobota ya mitumba, la kukushukia chini ya kiuno na lenye zipu nzima.